Kideri kwa kuku wa mayai: ninavyochanja kwa maji

Kundi lisilochanjwa likipata kideri (Newcastle) halifichi kitu: kuku wanakoroma, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na vifo vinaweza kumaliza banda zima. Kundi lililochanjwa ovyo ndilo linalodanganya. Kuku hafi, ila trei zinapungua. Ganda linapauka na kuwa laini, umbo linaharibika, ute unakuwa majimaji. Kwa kuku 1,000, trei 28 ni mayai 840, yaani asilimia 84. Zikishuka hadi 24 na chakula hakijabadilika wala maji hayajakatika, naingia bandani usiku, nazima taa na kusikiliza. Mchana kelele zao humeza mkoromo.

Chanzo mara nyingi ni maji ya chanjo. Ratiba yangu ni ya kawaida: siku ya 7 tone moja la chanjo jichoni, siku ya 21 Lasota (chanjo hai ya kideri) kwenye maji, wiki ya 16 hadi 18 sindano ya chanjo ya mafuta, kisha Lasota kila miezi mitatu. Marudio ya mwanzo yanahitajika kwa sababu kinga ambayo kifaranga amerithi kwa mama hudhoofisha chanjo ya kwanza.

Virusi vya Lasota viko hai, na klorini ya maji ya bomba inaviua. Kwa hiyo naosha vyombo kwa maji matupu, bila sabuni wala dawa, natumia ndoo za plastiki, kisha nakoroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita. Lita 40 zinataka gramu 100. Nasubiri dakika 20 ndipo nafungua chupa ya chanjo ikiwa imezama majini. Chanjo yenyewe imetoka dukani kwenye barafu na kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8.

Kipimo cha maji kwa kuku 1,000 ni lita sawa na siku za umri, mwisho lita 40. Kwa kuku wakubwa napima siku moja kabla wanakunywa kiasi gani kwa saa mbili, alfajiri, saa ileile nitakayochanja. Vyombo vya kunywea naviinua saa moja kabla ili wapate kiu. Kwenye joto la Pwani sizidishi hapo. Maji yakiisha chini ya nusu saa, wanyonge hawakupata. Yakibaki baada ya saa mbili, yaliyomo hayana nguvu tena. Na chupa ya dozi 1,000 haigawiwi kuku 1,500, hata bei ikiuma.

Mkoromo mwepesi wa siku tatu hadi tano baada ya Lasota ni kawaida. Maranda yakiwa mabichi, harufu kali ya mkojo huugeuza kuwa mafua ya kweli, kwa hiyo nachuchumaa hadi usawa wa kichwa cha kuku na kunusa. Ikiniwasha macho, maranda yanatolewa kabla ya chanjo.

Ugonjwa wenyewe huingia kwa trei za karatasi zinazorudi kutoka sokoni, matenga ya wanunuzi wa kuku waliochoka kutaga, na viatu. Trei za karatasi hazirudi kwangu, tenga linaishia getini. Kiatu kinasuguliwa kwanza ndipo kinaingia kwenye Virkon S, dawa ya kuua vijidudu, gramu 10 kwa lita. Dawa haifanyi kazi ndani ya kinyesi.

Kideri kikishaingia hakina tiba. Antibayotiki husaidia tu dhidi ya bakteria wanaofuata nyuma, na mayai ya kipindi cha dawa hayauzwi. Banda gonjwa nalihudumia mwisho, mizoga inachomwa au kuzikwa kwenye shimo refu, na hakuna kuku anayeuzwa haraka haraka. Namwita afisa mifugo. Mzoga mbichi kwenye barafu, usiogandishwa, unapelekwa TVLA, maabara ya mifugo ya taifa, kwa sababu bronkaitisi ya kuambukiza nayo huharibu ganda na ute vilevile, na chanjo yake ni nyingine.