Mabakuli ya watu kwenye kabati la mama

Wiki ya kwanza baada ya kurudi Kilema, Kilimanjaro, nilikuwa natafuta sufuria ya kuchemshia maziwa. Nikafungua kabati la mama, nikakuta mabakuli na hotpoti ambazo si zake. Nikageuza bakuli moja: chini lina doa jekundu la rangi ya kucha. Jingine doa la bluu. Hotpoti imechorwa herufi mbili kwa msumari. Waliokulia huku wanajua: hivyo ni vyombo vya watu, vimetiwa alama ili vikitoka na chakula visipotee.

"Ni vya jumuiya," mama akasema. "Vya wakati ule wa nyonga."

Wakati ule wa nyonga ni mwaka 2020. Mama aliteleza mferejini akavunjika, ndege hazitembei kwa sababu ya korona, mimi niko Köln, Ujerumani, nafungasha vifurushi ghalani. Nilituma pesa kila wiki. Tangu hapo nimewasimulia watu wengi kwamba mama nilimuuguza kwa simu. Sasa nimeshika hotpoti ya mtu, naambiwa kwamba kwa miezi minne wanawake wa jumuiya, majirani anaosali nao, walipeana zamu: huyu anamwogesha, yule anamkatia ng'ombe majani, mwingine analeta mtori. Pesa zangu zilinunua dawa, sikatai. Kumgeuza mama kitandani walimgeuza wao. Na hakuna hata mmoja aliyenipigia kunieleza.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema nyumbani. Mimi nilishatoka Kanisani, kwa karatasi. Ujerumani ukijiandikisha kuwa Mkatoliki, kodi ya kanisa inakatwa pamoja na kodi ya mapato: asilimia 9 ya hiyo kodi katika majimbo mengi, asilimia 8 kule Bavaria na Baden-Württemberg. Si asilimia 9 ya mshahara, watu huchanganya. Lakini anayehesabu senti za kutuma nyumbani anaiona kila mwisho wa mwezi. Mwaka 2013 nikaenda mahakamani, maana kule Köln mambo hayo hufanyikia mahakamani, nikaonyesha pasi, nikalipa yuro 30, nikasaini. Nikajiambia ni mambo ya hela tu, Mungu ananijua. Ukweli ni kwamba kusali nilikuwa nimeshaacha. Na hata nilipokuwa naenda misa, baada ya baraka ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza mlangoni.

Kwa hiyo niliporudi sikuwa na mpango wowote na jumuiya. Mama yeye ni mwanajumuiya tangu zianze. Anakumbuka miaka ya sabini, baada ya maaskofu wa Afrika Mashariki kukubaliana, 1973 na tena 1976, kwamba Kanisa lijengwe kuanzia kwenye jumuiya ndogo ndogo: nyumba chache za majirani, zinazosali kwa zamu nyumba hadi nyumba. Anasema mwanzoni wazee walinung'unika, Kanisa gani hilo la kukalia vigoda jikoni kwa watu!

Mwenyekiti wa jumuiya alikuja kunisalimia. Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele amina, karibu chai. Nikawahi kutoa bahasha. Akaipokea, akaandika kwenye daftari, akashukuru, kisha akaniuliza, "Sasa baba, kwako tunakuja lini?"

Nikasema watakaribishwa kwa mama kama kawaida. Akasema kwa mama wameshakuja, anauliza kwangu. Maana nilikuwa nimejenga pembeni ya kihamba, shamba letu la ukoo, na nimezungusha ukuta wa tofali na geti. Ili ukuta upite nilikata masale yaliyopandwa na babu. Mwenyekiti akatazama ukuta, akacheka. "Umekata masale yote. Siku ukikosana na mtu utaomba msamaha kwa jani gani?" (Kwa asiyejua: kwetu anayekuja na jani la sale kuomba radhi, humkatalii.)

Nikaona basi, kama ni kukaribisha, nitakaribisha kweli. Nikapanga mbuzi, kreti tatu za soda, wali. Mwenyekiti aliposikia akarudi jioni ileile, safari hii bila kucheka.

"Ukichinja mbuzi wewe, wiki ijayo nani atathubutu kutupokea?"

Akanieleza kwamba mjane mmoja aliwahi kuacha jumuiya miezi mitatu kwa sababu zamu yake ilikuwa inakaribia na nyumbani hana sukari. Ndipo wakakubaliana: chai na kitafunwa kimoja, kwa kila nyumba, tajiri na maskini. Hilo nimelifikiria kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Sisi tunaotoka nje tunajua sana kulisha watu. Kuwalisha kwa namna ambayo jirani naye ataweza kukulisha wiki ijayo, hatujui.

Ikawa magimbi ya kuchemsha na chai ya maziwa. Viti vya plastiki walikuja navyo kichwani, na kila mtu na kikombe chake. Ilikuwa Oktoba, tukaanza na rozari, kisha likasomwa Neno la Jumapili inayokuja: Zakayo. Mtoza ushuru yuko juu ya mkuyu anachungulia, na Yesu wala hasubiri mwaliko, anamwambia ashuke upesi, leo inampasa kushinda nyumbani mwake. Katekista akauliza nani ameguswa na nini. Kimya. Sijui nini kilinisukuma, nikawaeleza habari ya mahakama ya Köln, mbele ya mama.

Mzee mmoja akauliza, "Kutoka walikutoza ngapi?"

Nikasema yuro 30, kama elfu sabini hivi.

"Elfu sabini kutoka! Sisi huku ukitoka tunakufuata bure."

Nyumba ikaangua kicheko, mama akicheka kuliko wote huku anajifuta macho. Kisha wakaendelea na maombi, wakaniombea kwa jina langu la ubatizo, ambalo sikujua kama kuna anayelikumbuka.

Shauri langu liko kwa paroko, kuna barua za kuandika, na Komunyo bado sipokei. Jumamosi naenda jumuiya. Vyombo nimekuwa nikivirudisha kimoja kimoja, na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, kila kimoja kimeondoka na maharage au mayai. Limebaki bakuli moja, lina doa la kijani. Nimelibeba nyumba nne sasa, kila mama analigeuza, anatikisa kichwa, ananirudishia, na ndani ameweka ndizi.