Kiatu cha Kamba ya Bluu

Koku ndiye aliyekifukua. Jumamosi tulikuwa tunatoa vitu stoo kabla mvua hazijaviozesha, akatoka na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, kizito kama tofali, tope lake limekauka mpaka limekuwa jeupe, na kamba ya nailoni ya bluu imekizunguka mara tatu.

"Baba, hiki mbona kimefungwa kama kuku wa mnadani?"

Mama Koku akasema kile anachosema kila mwaka: kitupwe. Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kazi ya stoo ikaishia hapo.

Ilikuwa Desemba 2011, mwaka wangu wa kwanza Canterbury, Uingereza. Wenzangu wote walikuwa wamekwenda makwao, bweni likabaki na mimi na mlio wa friji. Siku ya Krismasi nikampigia bibi Bukoba. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za ng'ombe, akauliza, "Huko kwa wazungu hakuna pa kwenda hija?"

Bibi alikuwa mtu wa hija. Alishatembea kutoka Mutukula hadi Namugongo, zaidi ya kilomita 200, awahi sikukuu ya mashahidi tarehe 3 Juni, miguuni ana kandambili na jozi nyingine ya akiba ndani ya kikapu. Nikamwambia ipo, tena inaishia hapa hapa ninapoishi. Njia ya Mahujaji, kutoka Winchester hadi Canterbury, kilomita 190 hivi, kwenda kwenye kaburi la askofu mkuu Thomas Becket. Akataka kujua alikufaje. Nikamweleza: aligombana na mfalme Henry II, na tarehe 29 Desemba 1170 askari wanne wa mfalme wakamfuata ndani ya kanisa lake na kumkata kwa panga.

"Kama Luwum," bibi akasema papo hapo. Askofu mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Uganda mwaka 1977, enzi za Idi Amin. Bibi hakuhitaji kueleza zaidi. Waliokimbia Kagera mwaka 1978 wakitajiwa Amin huwa hawaulizi Amin yupi.

Halafu akasema, "Basi nenda. Tarehe si hiyo imefika?"

Ndiyo nikaenda, ila sikuitembea yote, mwenye kunicheka na anicheke. Nilipanda treni mpaka Charing, kijiji chenye magofu ya jumba walilokuwa wakilala maaskofu wakuu, nikaanza kutembea kurudi Canterbury, siku mbili. Siku ya kwanza sina la kusema. Vilima vya chaki upande wa kushoto, mashamba matupu upande wa kulia, ukungu mbele, na njia nyembamba ambayo wazungu wa kule huitumia kutembeza mbwa wao. Nililala Chilham, kijiji chenye uwanja mdogo katikati na nyumba za mbao zilizoinama kama wazee wanaosengenya. Nikachelewa kuamka. Kutoka hapo hadi mjini ni kama kilomita 11 tu, nikajiambia hata nikiondoka saa sita nitafika.

Mtu wa Bukoba hajui saa sita ya Desemba kule ni nini. Jua lilikuwa limesimama usawa wa miti, halipandi halishuki, na saa kumi kasoro linazama bila kuaga mtu.

Viatu nilivinunua duka la mitumba, vya mlimani, vya ngozi, pauni nane. Nilijiona mjanja. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba lile povu gumu linaloshika soli huoza lenyewe viatu vikikaa miaka bila kuvaliwa. Kwa nje vinang'aa, kwa ndani vimekwisha. Karibu na Chartham Hatch, katikati ya shamba la matufaha, mguu wangu wa kushoto ulizama kwenye tope. Nikauvuta. Mguu ukaja, ngozi ikaja, soli ikabaki.

Tope la kule si kama la kwetu. Ni chaki na udongo wa mfinyanzi, linanata kama ugali uliokosewa, na ndani yake mna vipande vya gumegume vyenye makali. Nilisimama kwa mguu mmoja, nimeshika tawi la mtufaha lisilo na jani hata moja, soksi inanyonya maji ya barafu, nikitazama soli yangu ilivyolala pale chini kama samaki.

Akatokea mzee. Miaka sabini na kitu, koti la kijani lililochanika kwapani, mbwa nyuma yake. Akanitazama mimi, akaitazama soli.

"Canterbury?"

Nikasema ndiyo.

"Umechelewa kidogo," akasema. Sijui alimaanisha saa au karne.

Hakuniuliza tena kitu. Akaingiza mkono mfukoni akatoa bunda la kamba ya bluu, ile wanayofungia marobota ya majani ya mifugo, na nadhani kila mkulima wa kule anayo mfukoni. Akaiokota soli, akaipangusa kwa kiganja. Halafu akapiga magoti. Kwenye tope lile lile, goti moja, kisha la pili, polepole, kwa mlio wa mtu ambaye magoti yanamuuma, akaushika mguu wangu akauweka juu ya paja lake.

Jamani. Mimi nimelelewa na bibi. Kwetu mtoto ndiye anayepigia mkubwa magoti. Mkubwa kumpigia mtoto ni mkosi, au ni msiba. Nikataka kuuvuta mguu, nikaona nitamwangusha. Nikataka kupiga magoti na mimi, lakini mguu ni wake kwa wakati huo. Mikono sikujua niiweke wapi. Nilikuwa naona upara wake juu kidogo ya kisogo, mwekundu kwa baridi, na vidole vyake vinene vikipitisha kamba chini ya kisigino, vikiivuta, vikirudi juu, vikiivuta tena. Alikuwa akipumua kwa nguvu. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema:

"Shikamoo."

Neno mnalijua maana yake ya zamani: nashika miguu yako. Na pale aliyekuwa ameshika miguu hakuwa mimi.

Mzee akainua uso. Akafikiri kidogo, akatabasamu, akanipa mkono wenye tope. Alidhani nimemtajia jina langu.

"Nimefurahi kukufahamu, Shikamoo," akasema. Akakaza fundo la mwisho, akasimama kwa kushika tawi, akanionyesha mlango wa uzio kwa kidole. "Haya Shikamoo, usisimame njiani. Giza linakuja."

Sikumsahihisha. Hata jina lake sikumuuliza.

Kutoka pale nilitembea kama bata. Harbledown, kijiji cha mwisho kabla ya mji, nikafika na giza. Hapo askofu mkuu Lanfranc alijenga hospitali ya wakoma miaka ya 1080, na inasimuliwa kwamba enzi za hija wazee wa pale walikuwa wakiwatokea wasafiri na kipande cha kiatu cha Becket ili wakibusu na kutoa sadaka. Msomi Erasmus alipita na rafiki yake mwanzoni mwa miaka ya 1500, na rafiki akaja juu kwa kuletewa kiatu kikuukuu mdomoni. Mimi na kiatu changu tulipita kimya. Na chini yake kidogo, kwenye kanisa la Mtakatifu Dunstan, ndipo Henry mwenyewe alipovua viatu akaingia mjini peku kutubu, watawa wakamcharaza viboko. Ila hiyo ilikuwa Julai 1174. Julai, nasisitiza.

Ndani ya kanisa kuu niliingia kesho yake asubuhi, na raba. Kaburi halipo. Mfalme wa baadaye, Henry VIII, aliamuru livunjwe mwaka 1538, na mahali pake sakafuni panawaka mshumaa mmoja tu. Nyuma zaidi, mwisho kabisa wa jengo, kuna kanisa dogo la kuwakumbuka mashahidi wa nyakati zetu, Luwum akiwa mmoja wao. Bibi alikuwa ameona mbali. Nikasimama penye mshumaa nikatafuta la kuomba. Kilichonijia kichwani ni soksi.

Jioni akapiga yeye, kitu ambacho hakuwa akifanya, vocha ilikuwa ghali.

"Umefika?"

"Nimefika, bibi."

"Uliomba nini?"

Nikasema, "Nilikuombea magoti yako." Lilitoka haraka hivyo hivyo, sijui kwa nini magoti. Akanyamaza, nikasikia anavuta pumzi, akanishukuru kwa Kihaya, maneno ambayo huwa anamwambia padri.

Kwaresima ikaja, akaniambia magoti yamepoa. Anashuka mpaka kisimani. Wanawake wote wa jumuiya wameshasimuliwa kuhusu Tomasi wa Uingereza, na mmoja anauliza kama naweza kwenda tena kwa ajili ya mgongo wake. Nilikaa na simu sikioni nikitafuta pa kuanzia. Sikuanza. Bibi alifariki mwaka 2017, na hadi wiki ya mwisho alikuwa akitembea kwenda misa.

Koku nimemsimulia yote isipokuwa hilo la magoti. Kwake kilichobaki ni jina tu. Tangu Jumamosi kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo, Shikamoo," mama yake anacheka, na mimi naitikia marahaba. Kiatu kimerudi stoo, juu ya debe la rangi.