Nilivyopima mageuzi ya Ujerumani, nikaumbuka mara mbili kwanza

"Chukua takwimu za kabla, chukua za baada, toa. Kwisha kazi, bwana mdogo." Huo ndio ushauri niliopewa na mkubwa wangu kazini, nami nikaubeba mzimamzima.

Nilikuwa napima mageuzi ya Hartz, yale ya soko la ajira la Ujerumani yaliyoingia kwa awamu nne kati ya Januari 2003 na Januari 2005. Takwimu zenyewe hazisumbui kupatikana. Nikachora mstari wa wasio na kazi, na lo! mwanzoni mwa 2005 unaruka na kupita milioni 5. Nikaandika kurasa sita kwamba mageuzi yameua ajira. Kumbe awamu ya nne iliunganisha mafao mawili, na watu wengi waliokuwa wakiishi kwa msaada wa jamii wakaanza kuhesabiwa rasmi kuwa hawana kazi. Watu walewale, daftari jingine!

Nikafuta. Safari hii nikaanza kuhesabu kutoka 2005, penye kilele. Mstari ukateremka vizuri mno, na usiku huohuo nikageuka shabiki wa Hartz.

Kitu fulani kikawa kinanikera, nikajaribu tarehe ya uongo. Nikajifanya mageuzi yalianza Januari 1998, nikarudia hesabu ya mkubwa ya kabla na baada. Ukosefu wa ajira ukashuka tena! Yaani dawa imemponya mgonjwa miaka mitano kabla hajaimeza. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu. Kama unapima sera yoyote, fanya jaribio hili kabla hujamwonyesha mtu grafu.

Mwishowe nikatengeneza pacha: mchanganyiko wa nchi nyingine uliokwenda sambamba na Ujerumani hadi 2002; pengo kati yao baada ya hapo ndiyo athari ya mageuzi. Mwanauchumi Abadie na wenzake walifanya hivyo kupima muungano wa Ujerumani Mashariki na Magharibi wa 1990. Pacha wa Ujerumani Magharibi wakamuunga kwa Austria, Marekani, Japani, Uswisi na Uholanzi. Kuchagua nchi ndiko kulikonila wiki tatu, nne hivi, maana nchi iliyofanya mageuzi yake kipindi hichohicho inakuharibia pacha. Na nilikata hesabu mwaka 2008, msukosuko wa fedha usije ukanichanganyia.

Athari ilikuwepo, ila ndogo kuliko nilivyoshangilia usiku ule.

"Kwa hiyo ni asilimia ngapi?" mkubwa akauliza.

Nikampa namba mbili, ya chini na ya juu. Hakufurahi.