Mfalme Akiugua, Atatajwa Nani?

Masomo ya juma: Yohana 9:1–7, Kumbukumbu la Torati 19:15–21

Katika Wakolosai 3:11 Paulo anamtaja Mskithi kati ya watu ambao ndani ya Kristo hawatengwi tena. Kwa Mgiriki wa zama zile, Mskithi alikuwa mfugaji wa farasi kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, mtu wa kuogopwa. Dini lakini alikuwa nayo. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika karne ya 5 K.K., anasema waliyemtukuza kuliko wote ni Tabiti, mungu wa kike wa moto wa meko. Kisha Papaios, ambaye Wagiriki walimwita Zeus, na mkewe Api, yaani ardhi, na wengine baada yao. Hawakujenga hekalu wala kuchonga sanamu. Mungu wa vita pekee ndiye aliyerundikiwa kuni mlima mzima na kusimikiwa upanga wa kale wa chuma juu yake, na kila mwaka mikokoteni 150 ya kuni iliongezwa, maana dhoruba za baridi zililididimiza lile rundo.

Tukae kwenye meko. Kiapo kizito kuliko vyote kiliapwa kwa meko ya mfalme, na aliyekiapa kwa uongo aliaminika kuwa ndiye aliyemlaza mfalme kitandani. Basi mfalme akiugua, waliitwa waaguzi watatu wenye sifa. Walilaza chini matita ya fito za mierebi, wakayafungua, wakapanga ufito mmoja mmoja huku wakitabiri, kisha wakazikusanya tena. Mwisho wakamtaja mtu. Akakamatwa papo hapo. Akikana, mfalme aliita waaguzi wengine sita. Hao nao wakimtia hatiani, alikatwa kichwa, na mali yake wakagawana kwa kura wale watatu wa kwanza.

Hapo ndipo penye ubovu. Anayetaja jina ndiye anayerithi ng'ombe.

Waskithi wenyewe waliuona mwanya huo, wakauwekea adhabu. Wale sita wakimwachilia mshtakiwa, waliitwa wengine, na wengine tena. Walio wengi wakisema hana hatia, watatu wa kwanza walifungwa miguu, mikono ikafungwa nyuma, wakazibwa vinywa, wakasukumwa katikati ya kuni kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ukatiwa moto, ng'ombe wakatishwa ili wakimbie. Mara nyingi ng'ombe waliteketea pamoja nao (na wao hawakuwa na kesi yoyote). Wana wa kiume wa waaguzi hao nao waliuawa, mabinti waliachwa.

Adhabu ilikuwa kali, lakini ushahidi ulikuwa wapi? Katika simulizi lote haitwi hata shahidi mmoja. Waaguzi wanapimwa kwa waaguzi wenzao, fito kwa fito. Torati inadai kitu kingine: mashahidi wawili au watatu, pande zote mbili kusimama mbele za Bwana, na waamuzi kuchunguza kwa bidii. Shahidi wa uongo anatendwa lile alilokusudia kumtenda ndugu yake, yeye mwenyewe. Wanawe hawatajwi.

Yesu katika Yohana 9 anakwenda mbele zaidi. Wanafunzi wanamwona kipofu na swali lao ni lile lile la ikulu ya Waskithi: ni nani aliyekosa? Wamekwisha kumtilia shaka mgonjwa mwenyewe, na wazazi wake pia. Yesu anasema si yeye wala wazazi wake, anatema chini, anafanya tope, anampaka macho na kumtuma kwenye birika la Siloamu akanawe.

Kwa hiyo jumuiya ikikutana juma hili kumwombea mgonjwa, na mmoja akasema ameonyeshwa nani chanzo cha ugonjwa, msiliombee jina hilo. Asiyekuwepo hawezi kujitetea. Mwenye neno la namna hiyo alipeleke faraghani kwa mzee wa kanisa, naye aulize alichokiona kwa macho, na kama kuna shamba, mahari au deni kati yake na anayemtaja. Kisha mrudi kwa mgonjwa: nani atampeleka hospitali Jumatatu, na nani atabaki na watoto.