VLAN 1 haifukuziki kwenye tranki

VLAN ni mtandao mdogo wenye namba yake ndani ya swichi. Tranki ni kiungo cha swichi kwa swichi kinachobeba VLAN nyingi: kila fremu (kipande cha data) hubeba tagi yenye namba ya VLAN yake, isipokuwa za VLAN ya asili, ambazo hupita bila tagi. VLAN ya asili ya kuanzia ni 1, na mafundi wa mitandao karibu wote tumekaririshwa dawa ileile ya usalama: badilisha VLAN ya asili ya tranki, weka mfano 999 isiyotumiwa na mtu, toa VLAN 1 kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kupita, kalale. Dawa ni nzuri na mimi naitumia. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba baada ya hapo VLAN 1 imekufa.

Funga swichi mbili za Cisco Catalyst kwa tranki ya 802.1Q (kiwango cha hizo tagi), kisha nasa trafiki kwa programu ya Wireshark. Unapoweka SPAN (kunakili trafiki ya poti kwenda poti ya kunasia) usisahau `encapsulation replicate`, la sivyo swichi haikupi tagi wala fremu za CDP (ujumbe ambao vifaa vya Cisco hujitambulisha nao kwa jirani), na utaapa kwamba hazipo. VLAN ya asili ikiwa 1, CDP inapita bila tagi. Ukiihamishia 999, CDP ileile inatokea ikiwa na tagi ya baiti 4, na ndani yake namba ya VLAN ni 1. DTP (ujumbe wa swichi za Cisco kupatana kuhusu tranki) yenyewe haijali, bado inapita bila tagi. Sasa piga `switchport trunk allowed vlan remove 1` uangalie tena. CDP bado inakuja kila baada ya sekunde 60, kama mwenye nyumba! Ulichozuia ni data za watumiaji na spanning tree (itifaki ya kuzuia data kuzunguka bila mwisho) ya VLAN 1. Mazungumzo ya swichi kwa swichi hayaombi ruhusa kwenye ile orodha.

Namba za VLAN ya asili zikipishana pande mbili, Cisco kwa Cisco utajua haraka. CDP itajaza logi na NATIVE_VLAN_MISMATCH, na BPDU (ujumbe wa spanning tree) za PVST+, yaani spanning tree ya Cisco ya kila VLAN, kwa kuwa zimebeba namba ya VLAN zilikotoka, zitafanya swichi izibe VLAN husika kwenye poti hiyo. Watu wanakereka na ujumbe huo, wengine wanazima CDP ili logi itulie. Jamani!

Shida ni pale upande wa pili ukiwa na swichi ya kampuni nyingine. Niliitwa ofisi moja hapa Dar ambako kompyuta za ghorofa ya pili zilikuwa zinapata anwani za IP za kamera. Taa zote kijani, logi safi kabisa. Upande wa Cisco VLAN ya asili ilikuwa 20, ya kamera. Upande wa pili fremu isiyo na tagi iliingizwa VLAN 1, walimokaa wafanyakazi. DHCP (huduma ya kugawa anwani za IP) ya rekoda ya kamera ikawa inavuka bila tagi na kuwagawia wahasibu anwani. Hakukuwa na CDP ya kulalamika, na BPDU za kawaida za IEEE (shirika la viwango), zinazotumiwa na kampuni nyingine, hazitaji namba ya VLAN.

BPDU hizo za IEEE, zinazokwenda anwani ya MAC 01:80:C2:00:00:00 bila tagi, Cisco inazihesabu kuwa za spanning tree ya VLAN 1, hata kama VLAN ya asili ni 999. Ndiyo maana tranki inayoelekea swichi isiyo ya Cisco siitoi VLAN 1 kwenye orodha. Naiacha ipite, ila siweki kompyuta, kamera wala printa hata moja ndani yake, na VLAN ya asili naiandika kwa mkono pande zote mbili.