Kuku wazee na joto la kaskazi

Tanga, Februari

Saa tano asubuhi, na mchanga wa uani tayari haukanyagiki bila ndala. Kaskazi inavuma lakini haipozi kitu, inaleta fukuto tu. Vuli imekwisha zamani, masika bado, na hiki ndicho kipindi cha mwaka ambacho sipendi kutoka nyumbani mchana. Sababu ni kuku. Wala si wote, maana vijana wanajitafutia kivuli wenyewe na wakiona jua limezidi wanakimbilia chini ya mwembe. Ninaowawazia ni wazee wangu watatu: Madoa, Kishingo na Bibi Mweusi. Walianguliwa mwaka 2019 hapa hapa uani, na mama yao alishakufa.

Kutaga wametaga vya kutosha. Siku hizi yai la Madoa likipatikana watoto wanakuja kunionyesha, na joto likikaza huwa na ganda jembamba, ukilishika unahisi linataka kubonyea. Bwana mifugo alinieleza kwa nini. Kuku hatoki jasho, hupoza mwili kwa kuhema, na akihema sana anapoteza hewa ya kaboni iliyomo kwenye damu. Hewa hiyo ndiyo inayoungana na chokaa kutengeneza ganda. Kwa hiyo ukiona ganda laini mwezi wa pili usikimbilie kulaumu chakula, angalia kwanza kuku anashindaje mchana.

Bibi Mweusi ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Ni mnene, ana manyoya meusi tii, na jua linampata vibaya. Nimeshamzoea kiasi kwamba naijua hali yake kabla hajazidiwa. Anaanza kwa kuachanisha mabawa na ubavu, kama anayetaka upepo upite kwapani. Kisha mdomo unafunguka, na ngozi ya chini ya koo inachezacheza harakaharaka. Macho yanafumba nusu. Upanga wake, ambao asubuhi huwa mwekundu wa kuiva, unapauka. Hapo sisubiri. Nambeba taratibu, bila kumkimbiza maana kumkimbiza ni kumwongezea joto, namsimamisha kwenye karai lenye maji ya kawaida yanayofika juu kidogo ya vidole. Miguu ya kuku haina manyoya na damu inapita karibu na ngozi, kwa hiyo ikipoa na mwili nao unapoa. Kwa kitambaa kibichi nampangusa upanga. Maji ya barafu simmwagii. Mwili uliochemka haupendi mshtuko. Dakika chache hivi, mdomo unafumba, anaanza kunywa mwenyewe.

Kishingo hana habari. Shingo yake tupu haina unyoya mmoja, joto linatokea hapo, na saa nane za mchana utamkuta amejilaza mchangani akiwatazama wenzake wanavyohema. Ningekuwa naanza kufuga leo hapa pwani, ningetafuta mbegu yake kwanza.

Jambo ambalo watu wengi hawalitazami ni hili: kuku mzee hagombanii maji. Chombo kikiwa kimoja, vijana wanakizunguka, wanamdonoa mkubwa kichwani, naye anaondoka zake akakae kando na kiu yake. Ukiangalia haraka utasema maji yapo, kuku wapo, shida nini? Shida ni kwamba yeye hajanywa tangu asubuhi. Ndiyo maana uani kwangu kuna vyungu vitatu, kimoja nyuma ya banda, mahali ambapo vijana hawapendi kukaa. Ni vyungu vya udongo, si ndoo za plastiki. Chungu kinavuja unyevu kidogo kidogo kwa nje na upepo unaupoza, maji ya ndani yanabaki baridi hata saa tisa. Nabadilisha asubuhi na mchana.

Chakula nawapa alfajiri na jioni: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na vumbi la dagaa. Mchana hapana, kwa kuwa chakula kikisagika tumboni nacho kinaleta joto lake. Saa za jua kali wanapata maganda ya tikiti, papai lililoiva kupita kiasi na majani ya matembele niliyoyalowesha.

Na matembele yanatoka bustanini, ambayo mwaka huu nimeipanga upya kabisa kwa kufuata kivuli. Nyanya sipandi tena msimu huu. Usiku wa Februari haupoi, maua yanapukutika kabla hayajashika tunda, na maji yote uliyobeba yanapotea. Bamia ndiyo inayolipenda jua hili. Mchicha, kunde na nyanya chungu zinavumilia pia, mradi mizizi isikauke. Kwenye mashina nimezungushia makumbi ya nazi, upande wa nyuzi chini. Yanashika unyevu, na zaidi ya hapo kuku hawawezi kuyachakura kama wanavyochakura nyasi kavu. Nyasi wanazimaliza asubuhi moja tu.

Kinachonifurahisha kupita vyote ni mdodoki. Banda lina paa la bati, na bati tupu mchana wa kaskazi ni tanuri. Nilipanda mbegu za dodoki pembeni wakati wa vuli, nikauelekeza mmea juu kwa kamba za katani, na sasa umelifunika paa karibu lote. Ukiingia ndani saa saba unasikia tofauti. Madodoki machanga tunapika kwa nazi, yaliyokomaa tunaacha yakauke kwa kuogea.

Maji ya bomba huku kwetu hutoka usiku, tena si kila usiku, kwa hiyo halitupwi tone. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mpapai, na yanayobaki vyunguni yanakwenda kwenye bamia. Mbolea ya kuku siitii shambani ikiwa mbichi, inaunguza mizizi, hasa kwa jua hili. Naichanganya na majani makavu ya mwembe, nafunika, inaoza taratibu ikisubiri mvua.

Shangazi alipita juzi. Nilimwamkia, akakaa barazani, akawatazama wazee wangu kwa muda.

“Mwanangu, hawa hawatagi. Pumba zimepanda bei. Unawaweka wa nini? Si uwapike tu?”

“Shangazi, hao vijana wote unaowaona hapo Madoa ndiye aliyewalea.”

Akanyamaza kidogo, akasema, “Haya.” Kisha akaomba bamia za kwenda nazo.

Namwelewa. Mwenye kufuga kwa biashara ana hesabu zake, na kuku asiyetaga ni gharama. Lakini mimi kuku hawa wamenilishia watoto kwa miaka. Kideri kilipita mtaani, mabanda ya watu yakabaki matupu, wao wakabaki kwa kuwa kila miezi 3 wanapata tone lao la chanjo jichoni. Kuwapatia kivuli na maji siku za joto naona ni haki yao, wala sijioni nawafanyia hisani.

Sasa hivi kazi iko kwa Madoa. Tangu juzi ameng'ang'ania kiota kitupu, anataka kuatamia. Kuku anayeatamia hatoki hovyo, hata akiwa na kiu, na kwa joto hili atakaukia pale. Nikienda kumtoa ananidonoa mkono, anajitutumua, namchukua hivyohivyo hadi kwenye chungu cha nyuma, anakunywa kwa haraka na kurudi mbio. Mayai simpi kwa sasa. Mvua za masika zikishashika, mwezi wa tatu mwishoni au wa nne, nitamwekea ya mitetea vijana. Zamani alikuwa anafunika mayai kumi na tatu vizuri tu, safari hii nitampa manane, mwili umepungua.