Siku niliyosoma lile tangazo la 1960

Nilikuwa nasoma Minneapolis, Marekani, kozi ya sheria za habari, na mwalimu akatupa kesi ambayo mtu anaitwa Sullivan alilishtaki gazeti la New York Times kwa sababu ya tangazo, tuifanyie kazi watu watatu. Wenzangu wakachukua hukumu, mi nikaenda maktaba kutafuta gazeti lenyewe la 29 Machi 1960, lipo kwenye roli ya filamu, unaipachika kwenye mashine unazungusha kurasa zinapita mpaka macho yanauma. Nikalipata. Ukurasa mzima ni tangazo la kulipia, wanachangisha hela za kumtetea Martin Luther King, mpigania haki za weusi, na chini majina kibao.

Nikasoma mstari kwa mstari nikimtafuta Sullivan, kamishna aliyesimamia polisi wa mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Hayumo! Hajatajwa popote. Kashtaki kwa vile polisi wamesemwa vibaya, na tangazo lilikosea vitu vidogo vidogo, King alikuwa kakamatwa mara 4 wao wakaandika 7, wimbo waliouimba wanafunzi walioandamana nao wakautaja sio, basi mahakama ya Alabama ikamwandikia alipwe dola 500,000. Aisee. Mi nimefanya redio kwetu Kigoma, najua woga wa kuitwa na wakubwa kisa sentensi moja, ila huku hakuna aliyefungia gazeti, wanakufilisi tu mahakamani na wengine wakiona hivyo wananyamaza wenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni yale majina. Kuna wachungaji wanne wa Alabama, Abernathy, Shuttlesworth, Lowery na Seay, waliwekwa pale bila hata kuulizwa, nao wakaunganishwa kwenye kesi, magari yao yakakamatwa yakauzwa, Abernathy na ardhi yake juu. Gazeti lilikuwa na mawakili na hela, je hawa? Mama aliyekuwa anahudumia chumba kile, Mmarekani mweusi mtu mzima, akaja kuuliza kama mashine imenigomea maana nilikuwa nimeganda tu, nikamwonyesha. Akavaa miwani akayasoma moja moja kwa sauti, la Shuttlesworth akalirudia.

Darasani wenzangu wakaeleza hukumu ya 9 Machi 1964, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaifuta ile ya Alabama, wakasema kwamba kiongozi akitaka kulipwa athibitishe gazeti lilijua ni uongo au halikujali kabisa. Ni hukumu kubwa na waandishi wengi wamepona kwa sababu yake. Mi zamu yangu niliitumia yote kuwaeleza wachungaji na magari yao, muda ukaisha nikawa bado naongea, na mwalimu akaniacha nimalize.